Ini la mtu asiyekunywa

(Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni. Tunayachapisha kwa faida ya wasomaji ambao hawakuwahi kuyasikiliza.)



Leo nimekuja kumtetea marehemu. Kipindi hiki kwa kawaida huzungumzia bei ya mchele, taka za Darajani na boti za Pemba, lakini juma hili naomba ruhusa yenu nianzie nyumbani kwetu.

Mjomba wangu, aliyezaliwa tumbo moja na mama yangu, alifariki mwaka 2009 huko Ng'ambo akiwa na umri wa miaka 62. Kazi yake ilikuwa ufundi cherehani, na kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa mwadhini wa msikiti wa mtaani kwao. Sigara sikupata kumwona nayo, sembuse chupa. Alikuwa mnene wa wastani mwenye tumbo lililotangulia mbele, na alikuwa na kisukari cha miaka mingi ambacho alikizoea kama mtu anavyozoea jirani mkorofi. Miezi michache kabla ya kufa tumbo lilimjaa maji, miguu ikavimba, macho yakawa manjano, na mwisho akatapika damu. Tukaambiwa kwamba ini limesinyaa na halifanyi kazi tena.

Habari hiyo ilifika mtaani kabla sisi wenyewe hatujafika nyumbani. Siku ya khitma, nikiwa nagawa kahawa, nilisikia mzee mmoja akimnong'oneza mwenziwe: "Ini hilo! Kumbe bwana yule alikuwa akinywa kwa siri." Mwenziwe hakumkanusha, alitikisa kichwa tu, kama mtu aliyekuwa akilijua jambo hilo siku nyingi. Nikaendelea kugawa kahawa. Tangu siku ile nimekuwa na deni.

Deni hilo nalilipa leo, kwa sababu mbili. Kwanza, sasa najua mjomba alikufa na nini. Pili, maradhi yaliyomwua yamenibishia hodi na mimi.

Ndugu wasikilizaji, katika nchi zetu tumezoea kwamba ini huharibiwa na mambo matatu. La kwanza ni pombe. La pili ni homa ya ini ya virusi, hasa ile ya aina ya B, ambayo Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi yake mwaka 2002, na kwa hiyo sisi tuliozaliwa kabla ya hapo hatukuipata chanjo hiyo utotoni. La tatu ni kichocho cha utumbo, kinachowasumbua sana wenzetu wa kandokando ya Ziwa Victoria. Huku Unguja na Pemba kichocho chetu ni kile cha mkojo, ambacho shabaha yake ni kibofu. Basi mtu wa Mjini Unguja akivimba tumbo, na virusi visionekane, watu hubakiwa na jibu moja tu, nalo ni la kumvunjia heshima.

Liko jambo la nne, nalo ni mafuta. Ini la mtu mzima lina uzito wa kama kilo moja na nusu, na kazi yake mojawapo ni kuwa ghala. Mtu akila wanga na sukari kuliko anavyotumia, mwili huyageuza kuwa mafuta. Tumbo likijaa na insulini ikawa haisikilizwi tena na mwili, kama ilivyo kwa mwenye kisukari cha ukubwani, mafuta hayo hufurika na kuingia ndani ya ini lenyewe. Kwa watu wengi hukaa humo bila kishindo. Kwa wengine ini hukasirika, huvimba kidogo kidogo, na kila linapojitibu huacha kovu. Kovu juu ya kovu, mwaka baada ya mwaka, mpaka lile ini laini linakuwa gumu kama nazi iliyokauka. Madaktari huyapanga makovu hayo kwa ngazi, kuanzia sufuri mpaka nne, na ngazi ya nne ndiyo hiyo sirosisi iliyomchukua mjomba.

Walevi wakikataa kwamba wanakunywa, husemwa kwamba wanaongopa. Na wasiokunywa nao waliambiwa hivyo hivyo, tena duniani kote. Mwaka 1980, daktari mmoja aitwaye Jurgen Ludwig na wenzake wa hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, waliandika juu ya wagonjwa 20 ambao maini yao chini ya hadubini yalifanana kabisa na ya walevi, ilhali si walevi. Wengi wao walikuwa wanene, na kisukari kilikuwamo. Madaktari hao wakayapa maradhi jina, nalo likabeba neno "pombe" ndani yake, kwa kusema kwamba hayatokani na pombe. Ilichukua zaidi ya miaka 40 mpaka mwaka 2023, wataalamu wa nchi nyingi walipokubaliana kulibadilisha jina hilo, pamoja na mengineyo kwa sababu lilikuwa likiwaaibisha wagonjwa. Sasa yanaitwa maradhi ya mafuta ya ini yatokanayo na hitilafu ya mwili katika kutumia chakula. Jina refu, lakini halimtukani mtu.

Na si maradhi ya wachache. Hesabu za kimataifa zinaonyesha kwamba kiasi cha watu wazima watatu katika kila kumi duniani wana mafuta ya kupindukia kwenye ini, na miongoni mwa wenye kisukari cha ukubwani ni zaidi ya nusu. Huku kwetu, mwaka 1989, uchunguzi wa vijijini Tanzania Bara ulikuta kisukari kwa mtu mzima chini ya mmoja katika kila mia. Mwaka 2012, uchunguzi mwingine uliochukua mjini na vijijini ukakuta kama tisa katika kila mia. Vipimo na umri wa waliopimwa vilitofautiana, lakini njia tunayokwenda inaonekana bila miwani. Nasi wa visiwani tusijidanganye. Muhogo na samaki wa kuchoma vimewaachia nafasi boflo la asubuhi, polo la mchele lililoshuka bandarini, chipsi za usiku na soda ya baridi juu yake.

Sasa nije kwenye yangu. Niligundulika na kisukari nikiwa na miaka 41. Leo nina miaka 47, na kazi yangu ni ya kukaa: nakaa studio, nakaa ndani ya daladala, nakaa barazani. Kila miezi mitatu naenda kliniki, napimwa sukari, presha na miguu, naulizwa kama macho yanaona vizuri. Ini halijapata kutajwa hata siku moja, na mimi sikuuliza, kwa kuwa haliumi. Hilo ndilo tatizo lake. Nyama ya ini yenyewe haina mishipa ya kusikia maumivu, basi linaweza kuharibika miaka kumi na mwenyewe analala usingizi wa raha.

Mwaka jana daktari mmoja kijana, mwanamke, alinishika pale pale mezani kwake. Alikuwa akitazama majibu yangu ya damu ya kawaida kabisa, akachukua kalamu, akageuza karatasi upande wa pili na kuanza kupiga hesabu kama mwenye duka.

"Kaka, una miaka mingapi?" akaniuliza.

"Arubaini na saba."

Akaandika, akazidisha, akagawa. Kisha akaniambia: "Hii hesabu inaitwa FIB-4. Yako imetoka moja nukta sita. Haijawa mbaya, lakini haijawa nzuri. Inabidi tulitazame ini lako."

Nilimwomba anifundishe, naye akanifundisha, na mimi nawafundisha ninyi. Chukua kalamu ukiweza.

Yanahitajika mambo manne tu: umri wako, vimeng'enya viwili vya ini ambavyo maabara huviandika AST na ALT, na idadi ya chembe sahani, yaani zile chembe za damu zinazoziba jeraha. Zidisha umri kwa AST. Weka jibu pembeni. Kisha tafuta kipeuo cha pili cha ALT, kile tulichosoma skuli na kukisahau, ukizidishe kwa chembe sahani. Gawa lile jibu la kwanza kwa hili la pili. Mimi AST yangu ilikuwa 50, ALT 49, chembe sahani 210. Umri 47 mara 50 ni 2,350. Kipeuo cha 49 ni 7, na 7 mara 210 ni 1,470. Gawa, utapata 1.6.

Likitoka jibu chini ya 1.3, uwezekano wa kuwa na makovu makubwa ni mdogo, na mtu hurudia hesabu baada ya mwaka mmoja au miwili. Kwa aliyezidi miaka 65, kikomo hicho cha chini husogezwa mpaka 2, maana umri peke yake hulipandisha jibu. Likivuka 2.67, mtu apelekwe kwa mtaalamu bila kuchelewa. Likiwa katikati, kama langu, hutakiwa kipimo cha pili, ambacho ni mashine inayogonga ubavu kwa mtikisiko mdogo na kupima ugumu wa ini, bila sindano wala kisu.

Hesabu hii haikutungwa jana, wala haikutungwa kwa ajili ya kisukari. Ilitolewa mwaka 2006 kwa wagonjwa wenye virusi vya UKIMWI pamoja na homa ya ini ya aina ya C. Baadaye ikaonekana inafaa hata kwa ini la mafuta, na mwaka 2023 chama cha kisukari cha Marekani kikaelekeza kwamba watu wazima wenye kisukari cha ukubwani, au walio ukingoni mwake, wafanyiwe hesabu hii hata kama vimeng'enya vyao vya ini ni vya kawaida.

Maneno hayo ya mwisho yalinipeleka kwenye sanduku la mjomba. Shangazi, mkewe, hajatupa karatasi hata moja. Nikaikuta ya mwaka 2007, miaka miwili kabla ya kifo, mjomba akiwa na miaka 60. ALT 36, na pembeni imeandikwa kwa mkono "kawaida". AST 54, imepanda kidogo. Chembe sahani 120, zimeshuka, na pembeni pana neno "rudia". Haikurudiwa. Nikakaa juu ya mkeka nikapiga hesabu. Sitini mara 54 ni 3,240. Kipeuo cha 36 ni 6, mara 120 ni 720. Jibu, ndugu wasikilizaji, ni 4.5.

Simlaumu aliyeandika "kawaida". Wakati ule hesabu yenyewe ilikuwa na umri wa mwaka mmoja, na hapakuwa na aliyeihusisha na kisukari. Lakini leo tunajua, na wa leo hatuna udhuru huo.

Hapa lazima niseme na upande wa pili, kwa sababu mwandishi wa habari asiyesema upande wa pili ni mpiga debe. Daktari mmoja rafiki yangu, tuliyekutana kwenye kahawa pale Jaws Corner, alinikatalia. "Unawatia watu hofu bure," aliniambia. "Dawa yenyewe iko wapi?" Maneno yake yana uzito. Dawa ya kwanza ya makovu ya aina hii iliidhinishwa Marekani mwezi Machi 2024, na ya pili, ambayo ni semaglutide, ile ya sindano ya kisukari na unene, ikaidhinishwa kwa kazi hii mwezi Agosti 2025. Bei zake si za mshahara wangu wala wako. Ni kweli pia kwamba hesabu hii hukosea. Wapo watakaoshtuliwa bure, na wachache watapita bila kukamatwa. Kwa vijana chini ya miaka 35 haiaminiki sana. Na mtu akiwa na homa ya malaria asipimwe siku hiyo, kwa kuwa malaria huzishusha chembe sahani na jibu likapanda kwa uongo.

Lakini nilimjibu hivi. Kwanza, dawa iko, ila haiuzwi dukani. Mnene akipunguza uzito kwa sehemu tano katika mia, mafuta ya ini hupungua. Akifika saba mpaka kumi katika mia, uvimbe nao hutulia, na akifika kumi au zaidi, hata makovu huweza kurudi nyuma. Mtu wa kilo 90 anaambiwa apunguze kilo tisa, haambiwi awe mwembamba kama mlingoti. Pili, anayejua kwamba ana makovu huchunguzwa virusi vya aina ya B, na vikipatikana dawa ipo. Tatu, mwenye sirosisi inayojulikana mapema hutazamwa mishipa ya koo kabla haijapasuka na kutoa damu, na hufuatiliwa saratani ya ini kabla haijakua. Mjomba alitapika damu kwa mishipa ambayo hapakuwa na aliyewahi kuitazama. Nne, wenye ini la mafuta wengi wao hufa kwa moyo kabla ya ini, kwa hiyo anayelitunza ini kwa kutembea na kula kwa kiasi anautunza na moyo wake kwa bei ile ile.

Rafiki yangu alinyamaza, akaagiza kahawa nyingine. Nikamwambia hiyo haina ubaya, maana tafiti nyingi zimeona kwamba wanywaji wa kahawa huwa na makovu machache ya ini, ingawa hapana aliyethibitisha kwamba ni kahawa yenyewe inayofanya kazi hiyo. Kahawa yetu chungu ina heri. Nikasogeza sahani ya kashata upande wake, naye akaisogeza upande wangu, na ikabaki katikati mpaka tulipoondoka.

Mimi nilivuka bahari kwenda Dar es Salaam kupimwa na ile mashine. Jibu lilikuwa kilopaskali 9.1. Chini ya 8 mtu hupumua, juu ya 12 hushikwa na wasiwasi mkubwa. Kwa hiyo nami ninayo makovu, kiasi gani bado haijajulikana barabara, na nimeambiwa nirudi baada ya mwaka. Virusi havikuonekana. Nilirudi na boti ya jioni nikiwa nimekaa sitahani, nikiwaza maneno ya yule mzee wa khitma, na nikajiuliza watasemaje juu yangu.

Tangu hapo nashuka daladala vituo viwili kabla ya kwetu. Soda nimeiaga. Boflo nimelipunguza, wali naula kwa kipimo cha kikombe, na urojo wa Forodhani nimeufanya wa siku maalumu. Alfajiri natembea Maisara, ambako nakuta wazee kwa vijana, wanaume kwa wanawake. Kila tarehe 1 Januari vikundi vyetu vya mazoezi huonekana barabarani na kila mtu huvipigia makofi. Mimi naomba makofi hayo yawe ya tarehe 2 na 3 pia. Nimepungua kilo sita, bado tatu. Na nimekataa zile chupa za dawa ya "kusafisha ini" zinazotembezwa mitaani, kwa sababu ini ndilo linalosafisha mwili, na baadhi ya mitishamba hiyo hiyo huliunguza.

Sasa maombi yangu, na ni madogo. Kwa wakubwa wa afya wa Serikali ya Mapinduzi: siombi mashine mpya, ingawa ikija hatutaikataa. Naomba katika kila kliniki ya kisukari, kuanzia Mnazi Mmoja mpaka Kivunge na Makunduchi, ibandikwe karatasi moja ukutani yenye hesabu hiyo, na mtu mmoja apewe kazi ya kuipiga mara moja kwa mwaka kwa kila mgonjwa. Damu tunatolewa tayari. Tunachohitaji ni dawa za maabara za kupimia AST na ALT zisikatike, na majibu yasomwe kwa pamoja badala ya mstari mmoja mmoja.

Kwa mgonjwa mwenzangu: ukienda kliniki muulize daktari kwa adabu, "Na ini langu je?" Hutakuwa umemkosea heshima. Chukua majibu yako, yatunze, kwa maana siku moja yatamfaa mwanao akiyakuta sandukuni.

Na kwa jirani, huyu ndiye hasa niliyemjia leo. Ukisikia mtu amekufa kwa ini, muombee. Usimpekue kaburini. Yule mwadhini hakupata kunywa. Alikuwa na kisukari, alikuwa na tumbo, na alikuwa na karatasi ambayo haikupigiwa hesabu.

Hadi juma lijalo, inshaallah, kwaherini.